Danieli Hakususia Darasa

Kila mwaka Oktoba inapokaribia, makanisa yetu mengi huwa na Jumapili ya aina moja. Vijana waliopata nafasi vyuo vikuu wanaitwa mbele, wanapiga magoti, wazee wanawawekea mikono. Mchungaji anatoa onyo ambalo waumini wote wanalijua kabla halijamtoka mdomoni: huko mwendako wengi walikwenda na Biblia wakarudi na digrii tu. Halafu kapu la nauli linapitishwa. Kijana anapanda basi akiwa na tranka, godoro na wasiwasi kwamba chuo ni uwanja wa vita, na kwamba kazi yake kwa miaka mitatu au minne ijayo ni kujihami.

Onyo hilo halikuzuka hewani. Waliopotea wapo na tunawajua. Ila halimsaidii sana kijana, kwa sababu halimwambii ajihami na nini na asijihami na nini. Akifika Mlimani, Dodoma, Mzumbe au Sokoine anakuta kila kitu kimechanganyika. Kuna mhadhiri anayesema dini ni chombo cha watawala, na kuna rafiki anayemwalika kwenye pombe. Kitabu cha baiolojia kinafuata hesabu nyingine ya umri wa dunia, na mwenzake wa chumbani anamwonyesha desa la kuingia nalo mtihanini. Asipokuwa na kipimo ataona vyote ni shetani mmoja. Matokeo yake ataiogopa elimu yenyewe, au ataifungia imani ndani ya tranka aje kuifungua likizo, nyumbani, mbele ya mama.

Kipimo ninachokiamini kiko sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli. Isome tena kama mwanafunzi. Vijana wanne wa Yuda wanachukuliwa hadi Babeli, ikulu ya mfalme aliyeuvunja mji wao, wanaingizwa kwenye mafunzo ya miaka mitatu. Mtaala ni elimu na lugha ya Wakaldayo, na humo ndani kuna nyota, kuna ndoto, kuna hadithi za miungu ambayo kwao ilikuwa chukizo. Wanapewa hata majina mapya. Danieli anaitwa Belteshaza, jina lenye mungu wa Babeli ndani yake. Katika yote hayo hatusikii wamekataa somo lolote. Walichokikataa ni chakula cha mfalme na divai yake, na hata hilo walilikataa kwa adabu: Danieli alimwomba mkuu wake, akapendekeza majaribio ya siku kumi, akasubiri matokeo. Mtihani ulipofika, mfalme mwenyewe aliwakuta wamewazidi waganga na wachawi wake wote mara kumi.

Danieli aliweka mpaka wake mezani, hakuuweka darasani. Angesusia darasa, kitabu chake kingeishia sura ya kwanza, maana asingefika kwenye ndoto ya Nebukadreza wala maandishi ya ukutani. Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka hapo, na nauanzia kwenye jambo ambalo wachungaji hawalitaji sana: saa.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti zisizopungua 120. Muhula mmoja, basi, ni krediti 60, sawa na saa 600. Gawa kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kila wiki. Ni saa za mwajiriwa kamili. Ndani yake kuna mihadhara, semina, maabara, na kiasi kikubwa ambacho hakimo kwenye ratiba iliyobandikwa ubaoni kwa sababu ni cha wewe na kitabu chako. Wanafunzi wengi hawajawahi kuiona hesabu hii. Wanatazama ratiba, wanaona vipindi vichache kwa wiki, wanadhani zinazobaki ni za ziada, kisha wanazigawa.

Sasa mchukue dada mmoja wa mwaka wa pili, mwanafunzi wa uhandisi, katibu wa maombi wa jumuiya yake ya wanafunzi Wakristo. Iwe USCF, TAFES, CASFETA, TMCS ya Wakatoliki au TUCASA ya Wasabato, picha haibadiliki sana. Maombi ya mchana saa moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumanne kikao cha viongozi, saa mbili. Jumatano mafundisho ya Biblia, saa mbili nyingine. Mazoezi ya kwaya Alhamisi na Jumamosi, jumla saa tano. Ijumaa mkesha, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Jumapili ibada na kikao baada ya ibada, saa tano. Jumlisha: saa 26, bila kuhesabu Jumamosi asubuhi anayoimaliza kitandani kwa sababu ya mkesha. Ongeza 40 za chuo, unapata 66. Kitu lazima kikatwe, na hakuna siku kitakachokatwa kikawa kwaya, kwa kuwa kwaya ina mwenyekiti atakayepiga simu kuuliza uko wapi. Kitabu hakipigi simu.

Mungu hajamwita dada huyu kuacha hesabu zake zife ili kikao cha Jumanne kipate mahudhurio mazuri. Alikwenda chuoni kwa kuwekewa mikono; kanisa zima lilishuhudia kwamba anatumwa kusoma. Basi kusoma ndiyo huduma yake kwa miaka hiyo, na nafasi ya uongozi inakuja baada yake. Nasema hivi nikijua jumuiya hizi zinavyookoa maisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyemjua mtu Dar es Salaam mara nyingi anapata hapo chakula cha kwanza cha kushirikiana, mtu wa kumpeleka zahanati akiugua, na marafiki watakaosimama kwenye harusi yake miaka kumi baadaye. Jiunge, na ujiunge mapema. Lakini beba jukumu moja tu. Ukiombwa la pili sema hapana, na ukiambiwa unamzimisha Roho, jibu kwamba Roho huyohuyo alikusaidia kupata nafasi ya kusoma.

Tuingie darasani sasa, maana huko ndiko wengi wanakodhani imani huvunjikia.

Kwenye vyuo vyetu, hasa Dar es Salaam, mtikisiko wa kwanza kwa mtoto wa kanisa huenda usitoke kwa Darwin. Hutoka kwenye historia. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha Mlimani kwa vipindi viwili kati ya 1966 na 1974, na kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika bado kinatajwa katika mihadhara. Kijana aliyebatizwa katika kanisa lililojengwa na wamisionari anasikia kwa mara ya kwanza kwamba wamisionari hao walikuwa sehemu ya mashine ya ukoloni. Anatoka nje ya ukumbi kichwa kinamzunguka. Wengine hupandwa na hasira wakaacha kusoma alichoandika Rodney. Wengine humeza yote wakaacha kanisa kufikia Krismasi. Wote hao wamekosa kitu kilekile, nao ni ushahidi.

Usiikimbie hoja. Nenda maktaba. Utakuta wamisionari waliotangulia bendera na wengine waliokuja chini yake. Utakuta Johann Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka uleule, kisha akatumia miaka mingi kuandika kamusi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Utakuta pia misheni zilizotegemea bunduki za serikali ya Kijerumani. Vyote ni kweli. Mkristo hana sababu ya kuogopa yaliyotokea. Imani yake imesimama juu ya dai kwamba jambo fulani lilitokea kweli. Na mtihani ukija, kumbuka kwamba haukuulizi unaamini nini. Unakuuliza hoja ya Rodney ni ipi, ushahidi wake ni upi, na wewe unaupimaje. Ukijibu kwa ushuhuda wa wokovu wako utapata sifuri, na hiyo sifuri usiihesabu kuwa mateso kwa ajili ya Jina.

Aliyewahi kuonyesha namna ya kulibeba hili ni Mwalimu Nyerere. Alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akaenda Edinburgh 1949, akarudi 1952 na shahada ya M.A.. Alisomeshwa falsafa, historia na uchumi na watu wa taifa lililokuwa linatawala nchi yake. Hakurudi amepoteza misa, wala hakurudi amefunga mdomo kuhusu kanisa lake. Mwaka 1970, akiwa Marekani, aliwaambia masista wa Maryknoll waziwazi kwamba Kanisa lisiposimama na maskini kupinga mifumo inayowaonea, halitakuwa na maana kwao. Mtu huyohuyo alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na Injili akazitia katika tenzi. Ukosoaji na ibada vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Kwa wanaosoma dini na falsafa yuko John Mbiti, Mkenya wa Kitui, aliyepata udaktari Cambridge mwaka 1963 na kufundisha Makerere kwa miaka kumi kuanzia 1964. Alikuwa padri wa Kianglikana. Kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilikataa ile dhana kwamba babu zetu waliishi bila kumjua Mungu hadi meli ilipotia nanga. Kukataa huko hakukumtoa kanisani, kulimfanya mchungaji mwenye majibu.

Kuhusu sayansi nitakuwa mfupi zaidi, maana ugomvi huu kwa kiasi kikubwa tumeazima kwa wengine. Gregor Mendel, ambaye kila mwanafunzi wa jenetiki anamkuta wiki ya kwanza, alikuwa mtawa wa Kiaugustino mjini Brno. Njegere zake alizipanda katika bustani ya monasteri, na matokeo akayachapisha mwaka 1866, ingawa dunia iliyaelewa 1900. Aliyetangulia kupendekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kama chembe moja, nadharia tunayoiita leo mlipuko mkuu, ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, katika maandiko yake ya 1931. Siwataji ili ukamshinde mtu kwa majina, kwani orodha ya wanasayansi waliosali haithibitishi kwamba Mungu yupo. Inathibitisha kitu kidogo tu lakini cha manufaa kwako usiku ukiwa peke yako: kwamba vitu hivi viwili vinaweza kukaa katika kichwa kimoja na kichwa hicho kikafanya kazi ya kiwango cha juu. Na ukimtaja Mendel, uwe tayari kumtaja Galileo, ambaye mwaka 1633 Kanisa lilimlazimisha kukana kwamba dunia inalizunguka jua. Ilifika 1992 ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili alipokiri hadharani kwamba waliomhukumu walikosea. Mkristo anayeyakumbuka yanayompendeza tu si shahidi mzuri.

Mwafrika mwenzetu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi inayoitwa sasa Algeria, alilijua hili mapema. Alikuwa mwalimu wa ufasaha Karthago, Roma na Milano kabla hajabatizwa. Katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo alilalamika juu ya Wakristo wanaoropoka kuhusu nyota na viumbe mbele ya watu wanaozijua habari hizo. Hoja yake ni kwamba mtu akikusikia unakosea katika jambo analolijua vizuri, hatakuamini ukimweleza ufufuo. Ningependa kila jumuiya ya wanafunzi isome ukurasa huo wa Augustino kabla ya kumwalika mhubiri atakayekuja kuibomoa baiolojia yote kwa dakika arobaini.

Mara nyingi mtikisiko huu unatokea kwa sababu tunasoma fizikia ya chuo kikuu tukiwa na imani ya sande skuli. Akili imekua upande mmoja, upande wa pili bado imevaa kaptula. Tiba yake ni kuikuza imani kwa bidii ileile. Kwa kila muhula soma kitabu kimoja kizito cha imani, chenye hoja, kilichoandikwa na mtu anayejua upinzani unasema nini. Mtafute mhadhiri Mkristo katika idara yako, au kasisi wa chuo, umwendee na swali lililoandikwa kwenye karatasi. Ukimpelekea kiongozi swali akakwambia usiulize, mheshimu, mshukuru, halafu tafuta mtu mwingine. Injili ya Luka inamwonyesha Yesu mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili, hekaluni katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali.

Hata hivyo, kwa muda niliosimamia mitihani na kusahihisha tafiti, sijaona Darwin wala Rodney akiiharibu imani ya wanafunzi kama udanganyifu unavyoiharibu. Huko ndiko mezani kwa mfalme, na huko ndiko mpaka wa Danieli ulipo.

Udanganyifu hauanzi na desa ndani ya soksi. Unaanza na kusaini. Dada yuko mazoezi ya kwaya, kipindi cha saa nane kinapitisha karatasi ya mahudhurio, kaka wa jumuiya anachukua kalamu anamwandikia jina, namba ya usajili na sahihi. Anafanya hivyo kwa upendo kabisa. Kwa hiyo kwaya ya Bwana imeimba kwa msaada wa ushahidi wa uongo, na hakuna aliyeshtuka. Wiki mbili baadaye ni kazi ya kikundi: watu wanane, watatu wameifanya, majina manane yameandikwa. Mwaka wa tatu ni utafiti. Steshenari za pembeni ya chuo zinajua bei, kuna kijana atakuandikia sura zote tano na data za kubuni, na wewe utajaza shukrani kwa Mwenyezi Mungu aliyekuwezesha kuikamilisha kazi hii. Ukurasa huo wa shukrani nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotamani. Kenya biashara hii imevuka bahari kabisa, vijana wenye shahada wakiwaandikia kazi wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Na siku hizi akili mnemba inaifanya kazi hiyo bure, kwa sekunde, ikitaja hata vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa.

Unaweza kuiomba mashine hiyo ikufafanulie dhana usiyoielewa, ikutungie maswali ya mazoezi, ikuonyeshe kosa katika hoja yako, ilimradi chuo chako kinaruhusu na unasema ulichofanya. Ukiiomba ikuandikie, umepeleka mtu mwingine chuoni badala yako. Waliokuchangia nauli walikuchangia wewe. Kama umeshaingia katika tabia hii, anza kurudi na jambo dogo lililo karibu: kipindi kijacho usimsainie mtu. Mwambie kabla, uso kwa uso, ili asije akakutegemea. Utaitwa mlokole wa kupitiliza, na wa kwanza kukuita hivyo huenda akawa mlokole mwenzako.

Lipo na la wakubwa. Mhadhiri akikudai mwili ili akupe alama, usiende kufunga na kuomba peke yako ukasubiri moyo wake ulainike. Hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wote wa simu, mweleze mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, nenda dawati la jinsia la chuo, au piga TAKUKURU, 113, simu isiyolipiwa. Na ikiwa anayekudai ni mzee wa kanisa, sheria ni ileile. Viongozi wa jumuiya wanaomshauri binti anyamaze ili jina la Bwana lisitukanwe wanalilinda jina la mtu mwingine kabisa.

Nije kwenye bumu, kwa kuwa mjadala huu unarudi kila muhula: fedha ya Bodi ya Mikopo inatolewa fungu la kumi au haitolewi? Wapo watakaobishana nami. Hiyo ni fedha ya kula, ya kulala na ya vitabu, na ni deni. Ukiajiriwa itakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hadi iishe. Huwezi kuita deni mavuno. Toa sadaka kwa kadiri moyo unavyokusukuma, hata kama ni shilingi mia tano. Lakini mtu akisimama madhabahuni akakuambia upande mbegu ya bumu zima ili ufaulu bila kusoma, funga pochi utoke nje. Kutoka nje katikati ya ibada si dhambi.

Kuna na mambo ya chumbani. Hosteli zetu zimejaa, mmepangwa wanne, na kwa kubebana mnalala sita. Mmoja wenu ni Mwislamu anayeamka kuswali alfajiri kimyakimya, mwingine ana mtihani saa mbili asubuhi. Ukianza kunena kwa sauti saa kumi usiku, unachowafundisha kuhusu Mungu wako ni kwamba hajali usingizi wa jirani. Nenda uwanjani au kwenye ukumbi wa jumuiya, au uombe chini ya shuka. Mwezi wa Ramadhani usipike chapati chumbani saa tisa alasiri kama unaweza kusubiri. Vitu vidogo hivi vimefungua mazungumzo mengi kuliko vipeperushi.

Msabato aliyekuta mtihani umepangwa Jumamosi asingoje Ijumaa jioni kuanza kulia. Ratiba hutoka kwanza kama rasimu. Isome siku inapotoka, andika barua kwa mkuu wa idara kupitia mshauri wa wanafunzi, ambatanisha barua ya kanisa, na upendekeze siku mbadala. Danieli alikwenda na pendekezo lenye tarehe. Huenda ukakataliwa, na ukikataliwa utajua gharama ya msimamo wako na kuilipa kwa macho makavu, lakini walau hakuna atakayesema hukutoa taarifa.

Na ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, tafadhali, usianze kumtafuta mchawi. Inawezekana kabisa hukuielewa mada ya tatu. Nenda kwa mhadhiri umwombe akuonyeshe ulipokosea, kaa na aliyefaulu, rudi kwenye mitihani ya nyuma. Hata wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, hawajatupwa na Mungu, na jumuiya inayomfuta mtu kwenye kundi la WhatsApp siku matokeo yanapotoka ijitafakari. Lakini ukiona kwa wiki kadhaa huwezi kulala, chakula hakipiti, na unawaza kufa, hilo ni la daktari na mshauri nasaha pamoja na maombi. Usimruhusu mtu akuambie uchague kimoja.

Nimewasema wanafunzi vya kutosha. Nyinyi viongozi wa jumuiya mnaweza kulifanya hili muhula huu bila kuomba kibali kwa yeyote: ratiba ya mitihani ikibandikwa, futeni mikesha na mazoezi yote hadi karatasi ya mwisho ikusanywe, na ukumbi mliolipia uwe mahali pa kujisomea, mwaka wa tatu wakiwafundisha mwaka wa kwanza, mkianza na sala ya dakika tano. Wachungaji, yule kijana mliyemwekea mikono Oktoba msimwite kila Jumamosi aje kuongoza vijana kwa kuwa mmekosa mtu. Na safari hii kapu la nauli likipita, mwulizeni kama ana fedha ya vitabu.